Kubonyeza au Kuandika: Nyimbo Zinavyohamia Redioni na Zinavyopotea Njiani



Jumamosi ya juma lililopita nyumbani kwangu kulizuka ubishi ambao mwanzoni niliudhani ni wa mpira, maana ulianza mara tu baada ya chakula cha mchana na sauti zilipanda upesi. Kumbe wabishi walikuwa binti yangu na mpwa wangu, na kilichowagombanisha kilikuwa kimelala mezani baina yao: redio ndogo ya mfukoni, ya aina ile ipokeayo memori kadi, ambayo Baba Mkubwa aliileta asubuhi ile ili atiliwe nyimbo zake za dansi. Binti yangu alishikilia kwamba kazi hiyo ifanywe kwa programu ya madirisha: unaifungua, unaziona nyimbo zako zimepangwa pamoja na picha za majalada yake, unaziburuta kwa kipanya na kuzidondosha kwenye kadi, basi. Mpwa wangu, ambaye ni fundi wa kompyuta katika kibanda kimoja cha mjini, akasema huo ni mchezo wa watoto, na kwamba watu wazima huandika amri. "Mstari mmoja tu, Mjomba," akaniambia, "na nyimbo mia tano zinahama huku mimi nakunywa chai."

Baba Mkubwa alikuwa amekaa kando, miwani imemshukia puani, akiwasikiliza kama hakimu asiye na haraka. Hatimaye akauliza: "Na ile barua ya ndugu yangu, itaanza pale ilipoanza?"

Wote wawili wakanyamaza. Hiyo barua nitaieleza hapo mbele, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nichague mambo haya kwa safu ya leo, na kwa sababu nusura ipotee mikononi mwangu mimi mwenyewe.

Kwa wale ambao jambo hili ni geni, nieleze kwanza wabishi wangu walikuwa wakigombania nini. Kompyuta hupokea maagizo kwa njia mbili. Ya kwanza, nayo ndiyo ya kale, ni kuiandikia. Kioo huwa cheusi, alama ndogo inamemeta ikikungoja, nawe unaandika neno la amri, kisha jina la kitu unachotaka kihamishwe, kisha mahali kiendako. Mfumo wa Unix, ulioanza kujengwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, ulikuwa na amri ya kunakili iitwayo "cp" tangu miaka yake ya mwanzo, na amri hiyo ingali hai hadi leo katika kompyuta za Linux na za Macintosh. Njia ya pili ni ya madirisha, vipicha na kipanya. Wataalamu wa kampuni ya Xerox huko California waliijaribu katika kompyuta yao ya mwaka 1973 iliyoitwa Alto, nayo ikaanza kuenea kwa watu wa kawaida baada ya Macintosh kutoka mwaka 1984. Wengi wetu hatukujua nyingine. Tuliikuta kompyuta ina madirisha, tukadhani imezaliwa nayo.

Walakini kinachotendeka ndani ni kile kile. Wimbo ni faili. Wimbo wa dakika nne uliokazwa kwa kiasi cha kawaida cha MP3 huchukua megabaiti nne hivi, na kadi ya gigabaiti nane hubeba nyimbo kama elfu mbili. Ukiuburuta kwa kipanya au ukiuandikia amri, faili lile lile hunakiliwa kutoka diski moja kwenda nyingine. Laiti mambo yangeishia hapo, ubishi wa mpwa na binti ungekuwa sawa na ubishi wa kula wali kwa mkono au kwa kijiko.

Hayaishii hapo, kwa sababu vyombo vya kuchezea muziki havifanani tabia. Kuna vile ambavyo ukivichomeka kwenye kompyuta hufunguka kama flashi, wazi, bila siri: ukitia faili, chombo kinalicheza. Redio ya Baba Mkubwa ni ya ukoo huo, na kadhalika sabufa zilizojaa sebuleni mwetu. Kuna vingine ambavyo vina mlinzi mlangoni.

Mfano mkubwa wa vyombo vyenye mlinzi ni iPod ya kampuni ya Apple. Ilitangazwa tarehe 23 Oktoba mwaka 2001, ikiwa na diski ya gigabaiti tano, na sifa iliyopigiwa debe ni kwamba ilitia nyimbo elfu moja mfukoni. Mwanzoni iliandamana na Macintosh tu, kwa programu ya madirisha iitwayo iTunes. Toleo la iTunes kwa wenye Windows lilikuja Oktoba 2003. Sasa sikiliza namna ilivyofanya kazi. Ungeweza kuifungua iPod kama diski, lakini nyimbo usingeziona, kwa sababu zilikaa katika folda iliyofichwa. Na ukifanikiwa kuifichua folda hiyo, ungekuta visanduku vingi vilivyoitwa F00, F01, F02 na kuendelea, na ndani yake nyimbo zako zimebatizwa majina ya herufi nne nne yasiyo na maana. Orodha ya kusema hili ni la nani na lile ni la nani iliandikwa mahali pengine, katika daftari moja la hesabu liitwalo iTunesDB. Chombo kililisoma daftari hilo tu. Ungetia wimbo kwa "cp" mchana kutwa, iPod isingeucheza, kwa kuwa haukuandikwa daftarini.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Daftari lilikuwa na sababu zake. Chombo kidogo chenye betri ndogo hakiwezi kufungua mafaili elfu moja kila mara ili kujua nani kaimba nini. Kusoma daftari moja ni haraka zaidi. Isitoshe, makampuni ya kurekodi yaliogopa kwamba watu wangefanya iPod mkokoteni wa kubebea nyimbo kutoka kompyuta hii hadi ile bila kulipa, na ndiyo sababu iPod za mwanzo zilifungwa na ilani ya kuwakumbusha wanunuzi wasiibe muziki. Kwa hiyo njia ilikuwa ya upande mmoja: kutoka kompyuta kwenda kwenye chombo. Zaidi ya hayo, chombo kilifunga ndoa na maktaba ya kompyuta moja. Ukikipeleka kwenye kompyuta nyingine ukataka kilinganishwe, programu ilikupa shauri la kukifuta chote na kukijaza upya kwa nyimbo za kompyuta hiyo.

Watu wa Linux, ambao hawakupewa iTunes kamwe, walikaa chini wakalichunguza daftari lile baiti kwa baiti, wakatengeneza zana zao. Wapenda madirisha walipata gtkpod. Wapenda amri walipata GNUpod, ambayo iligawa kazi mara mbili: amri moja ya kutia wimbo, na amri nyingine ya kuandika daftari upya. Ukisahau ile ya pili, wimbo umo na haupo. Mwaka 2007 Apple walitoa iPod mpya zilizotaka daftari liwe na muhuri wa hesabu, na lisilo na muhuri likaonekana tupu. Muhuri huo ulifumbuliwa kwa muda wa siku chache tu. Wengine wakaamua kung'oa kabisa programu ya ndani ya chombo na kutia Rockbox, ambayo inacheza faili lolote uliloliweka popote. Apple waliacha kutengeneza iPod mwaka 2022, lakini zilizonunuliwa zamani zingali zinacheza katika nyumba nyingi, na watu wangali wanahitaji zana hizo ili kuzitoa nyimbo zao zilizofungiwa humo.

Simu ya mkononi ni ukoo wa tatu. Simu za Android za mwanzo zilifunguka kama flashi, lakini baada ya toleo la 4.0 la mwaka 2011 nyingi ziliacha desturi hiyo. Sababu ni kwamba flashi haiwezi kuwa na mabwana wawili kwa wakati mmoja; kompyuta ikiishika diski, simu lazima iiachilie, na programu zilizokaa humo zinakosa makao. Badala yake simu huongea na kompyuta kwa lugha iitwayo MTP, iliyotoka kwa Microsoft: kompyuta inaomba, simu inatoa au inapokea, faili moja baada ya jingine. Kwa mwenye madirisha tofauti haionekani sana, ila kwamba mambo ni ya polepole na safari nyingine hugoma katikati. Kwa mwenye kuandika amri, "cp" ya kawaida haitoshi peke yake. Inabidi kwanza aweke daraja la kuifanya simu ionekane kama folda, au atumie amri maalumu za MTP. Hapa, naungama, mimi huufuata upande wa binti yangu, nikafungua dirisha nikaburuta.

Turudi kwenye swali la Baba Mkubwa, maana lilikuwa swali la maana kuliko ubishi wote. Itaanza pale ilipoanza?

Baadhi ya redio ndogo na sabufa hazipangi nyimbo kwa majina. Zinazicheza kwa mfuatano ambao mafaili yaliandikwa kwenye kadi. Lililoingia kwanza, huchezwa kwanza. Ndiyo maana mtu hununua mawaidha ya sehemu sita kutoka kwa kijana wa kibandani, akifika nyumbani anasikia sehemu ya nne, kisha ya kwanza, kisha ya sita, akadhani ametapeliwa. Hakutapeliwa. Kijana aliyachagua mafaili yote kwa kipanya akayadondosha kwa mkupuo, na programu yake ikayaandika kwa utaratibu iliojichagulia. Mwandishi wa amri ana nafuu hapa bila hata kujua, kwani anapoandika "cp *.mp3" na mahali pa kwenda, kompyuta huyapanga majina kwanza, ndipo huyanakili moja moja kwa mpango huo. Lakini naye ana shimo lake. Kompyuta hupanga herufi kwa herufi, na kwa mpango huo 10 hutangulia 2. Basi yaite mafaili yako 01, 02, 03, ukianza na sifuri. Na ikiwa kadi imekwisha kujazwa shaghalabaghala, ipo zana ya amri iitwayo fatsort ambayo hupanga upya orodha ya kadi bila kuzigusa nyimbo zenyewe.

Sasa barua. Mwaka 1984 marehemu baba yangu alikuwa Tanga na kaka yake, huyu Baba Mkubwa, alikuwa kazini Mwanza. Simu ilikuwa taabu na kalamu haikuwa rafiki wa baba. Basi aliketi na redio kaseti akajaza kanda mbili za dakika sitini, pande nne, akizungumza: habari za shamba, habari za mama aliyekuwa mgonjwa, kesi ya mpaka na jirani, na sisi watoto tukiitwa mmoja mmoja tuje tusalimie. Kanda zilisafiri kwa mkono wa mtu hadi Mwanza. Baba alifariki miaka kumi baadaye, na Baba Mkubwa akazihifadhi zile kanda katika sanduku la bati pamoja na vyeti vyake.

Mwaka 2016 alinipa nizihamishie kwenye kompyuta. Kazi hiyo haina mkato. Upande wa nusu saa huhamishwa kwa nusu saa, nawe unakaa unasikiliza. Nilimaliza pande zote nne, na nashukuru sikuahirisha, kwa sababu nilipoirudisha nyuma kanda ya pili mashine iliila. Ilitoka imekunjamana kama utumbo. Ile ya kwanza nayo ilikuwa imeota ukungu. Sikuwa na wasiwasi, nyimbo na barua zilikuwa kompyutani, na nakala nyingine nilikwisha kuitia katika kadi ya redio ya mama. Miezi michache baadaye diski ya kompyuta ikafa. Nikanunua kompyuta nyingine, nikaanza kukusanya muziki upya, na kadi ya mama ikawa ndiyo nyumba pekee ya sauti ya baba.

Hapo ndipo nilipojifanya fundi. Nilikuwa nimejifunza amri iitwayo "rsync", iliyotoka mwaka 1996, ambayo sifa yake ni kulinganisha sehemu mbili na kupeleka kile tu kilichopungua. Kwa kadi za muziki ni zana bora, haina mfano, kwani ukiongeza nyimbo tano katika elfu mbili, haihamishi elfu mbili, inahamisha tano. Ina neno moja la kuongezea, "--delete", maana yake: chochote kilichoko kule na hakipo huku, kifute. Nilitaka kompyuta mpya na kadi ya mama vifanane. Nikaandika amri, folda yangu mpya yenye nyimbo arobaini ikiwa ndiyo chanzo, kadi ikiwa ndiyo mwisho wa safari, na neno lile la kufuta likiwa katikati. Nikabonyeza.

Amri ya maandishi haiulizi "una hakika?". Ilitekeleza nilichosema, kwa uaminifu na kwa kasi. Niliona majina yakipita kiooni, kila moja likitanguliwa na neno la kufutwa, na kwa sekunde mbili tatu nilidhani ni jambo la kawaida. Nilipotambua nikaivuta kadi kwa mkono.

Binti yangu hulitaja tukio hili kila ubishi unapozuka, naye ana haki, ila hasemi yote. Programu za madirisha nazo zina kitendo hicho hicho, na zinakiita kwa jina tamu zaidi: kulinganisha. Tofauti ni kwamba zinauliza kwanza, kwa kidirisha chenye maneno mengi na vitufe viwili, nasi tumezoea kubonyeza "Ndiyo" ili kidirisha kiondoke. Jirani yangu mmoja alijibu "Ndiyo" ya namna hiyo kwa programu fulani akazika picha na nyimbo za harusi yake. Yeye aliulizwa, mimi sikuulizwa, sote wawili tulilia kilio kimoja.

Nilimpigia mpwa wangu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mjomba, usiiguse kadi. Usiandike kitu chochote juu yake." Akaeleza kwamba faili likifutwa, aghalabu linalofutika ni jina katika orodha, sauti yenyewe inabaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Alikuja jioni na programu iitwayo PhotoRec, ambayo haina picha wala vipicha, ni maandishi matupu, nayo ikaipitia kadi kipande kwa kipande ikitafuta kitu chochote chenye umbo la wimbo, na kukiweka katika diski nyingine. Asubuhi tulikuwa na mafaili mamia, lakini majina hayakurudi. Kila moja liliitwa herufi f na tarakimu ndefu.

Ikabidi tusikilize. Kwa jioni nne familia nzima ilikaa sebuleni, tukifungua moja, tunasikia gitaa, tunaweka kando. Tunafungua jingine, kwaya, tunaweka kando. Jioni ya pili mama akainua mkono kabla yetu sote. Mimi nilikuwa nimesikia mlio wa kanda tu, ule mvumo kabla mtu hajasema. Yeye alisikia baba akivuta pumzi. Kisha sauti ikatoka: "Kaka, shikamoo." Tulipata pande tatu kati ya nne. Upande wa tatu, ule wa kesi ya mpaka na salamu za watoto, haukuonekana, kwa kuwa nyimbo zangu arobaini zilikuwa zimeanza kuandikwa juu yake kabla sijaichomoa kadi.

Tangu siku hiyo nina desturi chache ambazo nazifuata kwa ukaidi. Kabla ya kulinganisha chochote kwa "rsync" naandika kwanza amri ile ile na kuongeza "-n", ambayo huifanya iseme itakachotenda bila kukitenda. Kwa mwenye Windows, amri iitwayo robocopy ina "/MIR" ambayo ni hatari kama ile yangu, na ina "/L" ambayo huonyesha tu. Neno la kufuta silitumii kamwe kwenye kadi za mama. Na naisoma amri kwa sauti kutoka kushoto kwenda kulia, kutoka wapi, kwenda wapi, kama mtu anayesoma kibao cha daladala kabla ya kupanda. Sauti ya baba sasa iko mahali panne, pamoja na diski moja iliyofungiwa katika lile sanduku la bati.

Jambo moja zaidi, la wote wawili, mwenye kipanya na mwenye kibodi. Kompyuta hupenda kusema kazi imekwisha wakati haijaisha. Mstari wa kuonyesha maendeleo hufika mwisho, nawe unachomoa, kumbe sehemu ya nyimbo ilikuwa bado imeshikiliwa katika kumbukumbu ya kompyuta ikingoja kuandikwa. Ukifika nyumbani wimbo unakatika katikati ya kiitikio. Toa kadi kwa kitufe cha kuiaga, au kwa amri ya "sync" na kisha "umount", halafu ndipo uivute. Mimi niliyewahi kuivuta kwa mkono nilikuwa na dharura.

Utaniuliza, basi nani alishinda Jumamosi? Kwa upande wangu, nikiwa na kazi ya mara moja, yaani nyimbo sita za kumpa mgeni anayeondoka, sioni sababu ya kuandika chochote. Kazi ikiwa ya kurudiwa kila juma, amri ni bora, kwani huiandika mara moja katika faili na kuiita kwa jina siku zote. Na kuna fadhila moja ya amri ambayo wapenda madirisha hawaitaji. Dada yangu yuko Mwanza. Nikitaka kumweleza kazi ya madirisha kwa simu, naanza: bonyeza pale juu kulia, ananijibu kwake hapana kitu juu kulia, namwambia tafuta kipicha cha noti ya muziki, anasema anaona cha rangi ya machungwa. Tunamaliza salio. Mstari wa amri namtumia kwa ujumbe mfupi, anaunakili kama ulivyo, basi, mradi nimeukagua mara mbili kabla ya kuutuma.

Mpwa wangu, kwa kuwa ni fundi kweli na hapendi kushindwa na binamu yake, aliandika amri zake katika faili moja: linakili, linapanga, halifuti kitu, mwisho linaaga kadi. Binti yangu akaliwekea kipicha kwenye kioo, akakichorea redio. Baba Mkubwa akaketi, akabonyeza mara mbili, akangoja, akaitia kadi redioni. Barua ilianza pale ilipoanza, isipokuwa inaruka kutoka upande wa pili hadi wa nne, naye analijua pengo hilo, hukaa kimya linapopita.

Kisha akafungua upande wa dansi kwenye kompyuta akaanza kulalamika. Bendi moja ilikuwa imeandikwa mara tatu kana kwamba ni bendi tatu, huku NUTA, huku JUWATA, huku OTTU. "Hawa ni watu wale wale," akasema. Binti yangu akamfungulia programu ya kurekebisha majina yaliyofichwa ndani ya nyimbo, ya madirisha, akamwonyesha mahali pa kuandika. Tangu Jumapili anakuja kila siku saa kumi, anakunywa chai, anasikiliza wimbo mpaka mwimbaji aanze, halafu anaandika kwa kidole kimoja nani aliimba na mwaka alioukumbuka. Amefika wimbo wa 63.